Mzee Kemboi, Ramani ya 1908 na Kuku wa Njoro

Tarehe 31 Desemba 1958, kengele ya jioni ikilia, Mzee Micah Kemboi atastaafu na kukabidhi mnyororo wa kupimia ardhi alioushika kwa miaka thelathini na mmoja. Alijiunga na Kampuni ya Upimaji ya Menengai, hapa Nakuru, mwaka 1927, kijana mwembamba kutoka Eldama Ravine. Kazi yake ilikuwa kushika ncha moja ya mnyororo na kusimama alipoambiwa. Wakubwa wanne wamekuja na kuondoka, na Mzee Kemboi bado amesimama.

Mwaka 1949 kampuni ilinunua mashine ya kutafutia mabomu yaliyofukiwa, katika mnada wa vitu vya jeshi kule Gilgil. Sisi hatukuwa na bomu lolote. Tulikuwa tukitafuta pini za mpaka, yaani vyuma ambavyo wapimaji wa kwanza walivizika kwenye pembe za mashamba, na ambavyo baada ya plau nyingi kupita hakuna aliyekumbuka viko wapi. Mashine ilikuwa na sahani pana kwenye ncha ya mti, na vipande viwili vya kuvaa masikioni vilivyolia kama mbu chuma kikiwa karibu. Mzee Kemboi alichaguliwa kuibeba kwa sababu alikuwa na masikio makubwa kuliko sisi sote.

Juma la kwanza lilikuwa la aibu. Mashine ililia kila hatua, yakachimbwa mashimo kumi na moja, na haikupatikana hata sindano. Siku ya tatu Mzee alivua viatu kumwaga mchanga, mashine ikanyamaza, naye akalalamika kwamba imekufa. Dereva wetu, Zeddy, ndiye aliyekigeuza kiatu kimoja na kuhesabu misumari ya soli. Tangu siku hiyo Mzee ameibeba mashine miguu mitupu, na ipo miiba ya bonde hili aliyoipa majina yasiyofaa kuchapishwa.

Hapo ndipo alipoanza kunisumbua mimi, mtunza ramani. Alitaka ramani kuukuu, zile zilizoliwa na mende. Alikuwa amesoma hadi darasa la tatu tu, lakini alikuwa akitandaza ramani ya zamani kando ya mpya na kutafuta kilichotoweka: kisima, kambi, njia ya magari ya ng'ombe. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mahali watu walipolala, waliangusha vitu, na vitu vya chuma havitembei. Kwa njia hiyo amefukua viatu vya farasi, mikebe ya samaki isiyo na idadi, beseni zima la kuogea, na meno ya bandia yenye waya. Meno hayo yako mezani kwangu hadi leo. Mwenyewe hajajitokeza.

Kazi yake kubwa ilikuwa ya mwaka 1953, karibu na Njoro. Setla mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa bado ni mteja wetu, alidai kwamba kanisa dogo la mabati la wafanyakazi wa mashambani lilikuwa ndani ya ngano yake, na libomolewe. Afisa wa ardhi alitoa siku kumi na mbili pini ya mpaka ipatikane. Waumini walikuwa wamejenga kanisa lile bati baada ya bati kwa miaka minane, na baadhi yao walianza kung'oa mabenchi kimyakimya.

Ramani mpya ilionyesha ngano tupu. Ile ya 1908 ilionyesha kambi ya wenye magari ya ng'ombe, na kisima, na pembeni mpimaji alikuwa ameandika kwa wino kwamba pini iko minyororo sita mashariki ya kisima. Kisima kilikuwa kimefukiwa. Mzee alizunguka na mashine siku sita, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, mtu mwenye ramani na vyuma masikioni aliulizwa maswali mengi na askari, mpaka akaifikia mikebe na mapete ya magurudumu. Alipochimba katikati yake alikuta mawe ya kisima. Akanyoosha mnyororo mashariki mara sita, ukafika kwenye kibanda cha kuku cha Nyanya Cheptanui, mfagizi wa kanisa.

Ndani alikuwamo kuku akiatamia. Mashine ililia juu yake. Setla alisema kuku amemeza msumari. Mzee aliomba ruhusa amwinue kidogo na kumpima peke yake, mashine ikanyamaza. Juu ya kiota ikalia tena. Basi akasema kuku ahamishwe.

“Kijana wangu,” Nyanya Cheptanui alimwambia, na Mzee alikuwa na miaka hamsini, “huyu hahami. Na kanisa halihami.”

Mzee alilala kifudifudi siku nne, akichimba kutoka ubavuni kwa kijiko. Asubuhi ya mwisho afisa wa ardhi alifika amevaa suti, akalala pale pale kwenye kinyesi cha kuku, na kuisoma namba ya pini kwa sauti huku kuku akidonoa kofia yake. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Kanisa lilikuwa ndani ya kiwanja chake kwa hatua nne. Waumini walirudisha mabenchi, na mayai kumi na moja kati ya kumi na mawili yakaanguliwa. Mzee aliketi kando, akalia kidogo, akasema ni vumbi.

Juzi nilimuuliza atafanya nini akifika Ravine. Alisema atapanda viazi, kwa sababu hivyo mtu huvizika mwenyewe na anajua viko wapi.

Mzee Kemboi, asante kwa miaka yote hiyo. Shamba la kwenu likupokee vizuri, magoti yako yapone, na maisha yako ya nyumbani yawe marefu na mema.

J. Masinde
Chumba cha Ramani