Fundi Sumaku na Dakika Kumi na Mbili za Mawe Hafifu

Ndugu waombolezaji, Jumanne tarehe 4 Juni 2019 mke wa Fundi Sumaku alikuwa anasuuza koti la mumewe la kazini, maji yakiwa bado mekundu kwa vumbi la mawe ya chuma, simu ikalia kwamba mumewe ameanguka maabara, naye akatoka na povu mikononi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1966, mtoto wa tano wa mwashi na mshona nguo, akamaliza sekondari mwaka 1984, akasomea ufundi, na Januari 1988 akaajiriwa katika maabara ya mgodi. Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1993, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mawe mazuri yalipokwisha, yakabaki hafifu, ambayo sumaku haikuyashika. Mwaka 2011 marehemu alianza kuyasaga, kuyachanganya na unga wa mkaa na kuyachoma kwa mikrowevu, ili sumaku iyakubali. Alianza na mikrowevu ya nyumbani, mpaka mkewe alipomwambia, "Baba watoto, chagua, mawe au maharage." Siku moja aliyaacha dakika ishirini, akidhani moto ukizidi na faida huzidi, sumaku ikayakataa kabisa, na tangu hapo hakuvuka kumi na mbili.

Moyo ulimlaza wodini siku tatu kabla ya jaribio kubwa la mawe hayo, ambalo likishindwa maabara ingefungwa, na binti yake kifungua mimba, anayeendesha tanuri la mikrowevu la maabara, angekosa kazi. Hakupata usingizi, akamtuma mkewe, "Mwambie asiwasikilize wanaotaka dakika ishirini." Binti akajibu, "Mama, wananisukuma kweli, lakini saa nimeishika mimi."

Ijumaa jioni binti alifika kitandani akasema sumaku imeshika sehemu themanini na moja kati ya mia za chuma chote, wakati zamani haikufika thelathini. Marehemu akauliza, "Mliyatoa dakika ya ngapi?" Akaambiwa, akalala. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioteka maji bila kuombwa, na wenzake wa maabara.

Jana binti alikwenda kukabidhi ripoti, akachelewa, mama yake akakataa kupakua chakula, akisimama dirishani na mwiko. Binti alirudi na jibu kwamba maabara haifungwi. Chakula kikapakuliwa, mama akahesabu, watoto watatu, shangazi yao, wote wapo.

Pumzika kwa amani, Fundi, watu wako wamekula.