Mzee Pasikali na Wiki ya Sura za Kijani

Kibondo, 17 Desemba 1999
Kwa Mzee Pasikali Nduwayezu

Baada ya miaka ishirini na sita ya kupiga picha katika shirika letu, Mzee Pasikali Nduwayezu anastaafu tarehe 31 mwezi huu. Alianza mwaka 1973, na chumba chake cha kwanza cha kusafishia picha kilikuwa choo kipya ambacho kilikuwa hakijafunguliwa. Kutoka Kakonko hadi Kasulu watu wanaijua amri yake: "Shika pumzi!" Shida ni kwamba akishaamuru ndipo huanza kutafuta miwani. Wazee wengi wamepigwa picha wakiwa karibu kuzimia.

Mwezi Mei mwaka huu tuliletewa kamera ya dijitali. Mzee aliitumia kuwapiga picha watumishi wote kwa ajili ya vitambulisho, akiwemo dereva wetu Anania, mume wangu. Siku chache baadaye Anania alifariki kwa malaria. Hakuwa na picha nyingine ya ukubwani, kwa sababu kila akiona kamera alikumbuka gari linahitaji maji. Ndugu zake wa Kasulu wakaomba picha hiyo iwekwe mezani Jumapili, siku ya kumaliza msiba.

Alhamisi karani wetu Shamsia akazifungua picha kwenye kompyuta. Wote tulikuwa kijani kama majani ya maharage, bosi akiwa kijani kuliko wengine.

Mzee akaifuta skrini kwa spiriti.

"Mzee wangu, utamaliza kioo na kijani kitabaki palepale," Shamsia alimwambia.

Akalaumu jenereta. Akalaumu pazia, likashushwa. Mwisho akampiga picha mbuzi mwekundu wa mlinzi, apate kujua kama kosa ni la watu. Mbuzi naye akatoka kijani. Mzee akaniambia, "Mama Dorcas, huyu mtu wako simwachi hivi."

Ijumaa Shamsia akauliza Kigoma kwa redio ya upepo. Fundi akajibu kwamba kamera ile hutunza picha ghafi, na programu ya kawaida huzionyesha vibaya. Tuweke programu yake yenyewe, iliyo kwenye sidii iliyokuja ndani ya boksi la kamera, ile sahani nyembamba inayong'aa.

Mzee akajishika kichwa. Alidhani ni kioo cha kunyolea, zawadi ya kiwandani. Kilikuwa shambani kwake hapa Kibondo, kimening'inizwa juu ya mtama kufukuza ndege.

Akaifuata kwa baiskeli, akarudi jasho linamtoka, sidii ikiwa na kinyesi cha ndege upande mmoja. Shamsia akaiosha kwa sabuni, akaikausha kwa mtandio wake. Kompyuta ikakoroma sana, ikakubali. Mbuzi akawa mwekundu. Bosi akawa mtu. Kisha akaja Anania, shati la bluu, amefumba jicho moja, anacheka mdomo wazi.

Jumapili, Kasulu, mama mkwe aliishika picha kwa mikono miwili. "Ni we," alisema kwa Kiha. Ndiye. Halafu akacheka, na nyumba nzima ikacheka naye.

Mzee anarudi Munanila kwa mkewe na migomba yake. Shirika linamshukuru kwa kazi yake, nami namshukuru kwa ile Ijumaa. Nenda ukapumzike, Mzee wetu, uwe na afya na amani. Ukiwa na wenzako huko Munanila, mkizungumza habari za kazi, utukumbuke.

Mama Dorcas, Stoo