Mkono wa Timazi Wafika Nyumbani

Benchi la kona alilitengeneza Timazi mwenyewe: ubao uliobaki mjengoni, juu ya matofali sita, na wakikaa watu wanne halipepesuki. Ni fundi mwashi, na jina alipewa kwa ile kamba yenye kipande cha chuma anayoibeba mfukoni kupimia kama ukuta umesimama wima. Asubuhi hiyo kahawa ilimpoa mkononi. Nyumbani kwake, safari ya siku nzima kutoka hapo, kamati ya shule ilikuwa inakaa saa sita kuchagua ramani ya chumba cha kusomea watoto. Yake aliichora kwa miaka miwili, kila alipokwenda likizo. Sasa mwenyekiti alikuwa amepiga simu: picha uliyotuma vipimo havisomeki, tunataka faili lenyewe, la sivyo tunapitisha ramani ya mkandarasi. Faili lilikuwa kwenye kompyuta ya nyumbani, na ilishagonga saa tano na nusu.

— Sasa utaingiaje kwenye kompyuta ya huko na wewe uko hapa? — aliuliza Kinyozi, ambaye alikuwa amemwacha mteja kibandani na povu shavuni.

— Binti yangu aliniwekea programu. Huku kwenye simu, kule kwenye kompyuta. Nikiandika neno la siri naiona skrini yake hapa, naiendesha kama nimeikalia mbele.

— Umeshajaribu?

— Leo ndiyo mara ya kwanza.

Redio akakohoa. Huyu ni karani mstaafu, na hakuna jambo lililowahi kumpita bila kulitangaza.

— Hiyo naijua. Kompyuta inageuka hewa, inapita mnarani, inatua kwenye simu.

— Yote? Na meza?

— Meza inabaki. Tumia akili, bwana.

— Na mvua ikiikuta njiani?

— Ndiyo maana picha yake ilifika na ukungu!

Kinyozi akasogea karibu.

— Mimi naogopa kitu kimoja. Friji nayo iko kwenye umeme huohuo. Akikosea kubonyeza si atavuta friji?

— Friji ni jambo dogo! Jirani akiwa anapiga pasi, tutapokea shati hapa, tena la moto.

— Nyie mtanivunjia vikombe, — alisema dada wa kahawa. — Kaka Timazi, fungua hicho kitu, saa haimngoji mtu.

Timazi akafungua. Kwenye kioo yakatokea maneno matatu: Kompyuta hii haipatikani.

— Imekwama mnarani, — alitangaza Redio. — Apatikane mtu wa kuutikisa.

Lakini Timazi alijua ilipokwama. Mama yake hawezi kuona kitu kimewaka na hakuna mtu. Huzima vyote, palepale ukutani. Akapiga simu ya nyumbani, akaweka sauti kubwa.

— Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu. Umekula?

— Nimekula. Mama, umezima kompyuta?

— Nimezima. Ilikuwa inanguruma peke yake. Nikaifunika na kitambaa changu.

— Naomba uiwashe. Swichi ya ukutani kwanza, halafu kitufe kikubwa cha lile boksi chini ya meza.

— Mimi? Niguse mali ya mjukuu wangu iharibike?

— Haiharibiki. Mama, ile ramani nyingine ina madirisha mawili tu, tena nyuma ya migongo ya watoto. Watasomea gizani.

Kiti kikaburutwa, na swichi ikalia ta!

— Kimewaka kijani.

Kijiwe kizima kikainama juu ya simu. Kidole gumba cha Timazi, kilichokakamaa kwa saruji, kilikosea neno la siri mara mbili. Mara ya tatu skrini ikafunguka, na picha ya binti yake akiwa na sare ya shule ikawatazama wote.

— Imetua! — Redio akaruka. — Si niliwaambia?

— Mwanangu, — sauti ya mama ilishuka, — kishale cha kwenye kioo kinatembea. Kuna mtu humu ndani.

— Ni mimi, mama.

— Wewe? Mbona hukubisha hodi? Haya, karibu.

Timazi alilitafuta faili, akalituma. Saa sita kasoro dakika tatu. Hakuna aliyerudi kazini. Hata mteja wa Kinyozi alikuja kukaa, nusu amenyolewa. Mwenyekiti alijibu kwamba imefika na kila kipimo kinasomeka. Vikombe vikajazwa tena, vikaisha. Ndipo ukaja ujumbe wa pili: Imepita. Mikono yote juu.

Redio akautangazia mtaa mzima. Kinyozi akamkumbatia Timazi pamoja na mkasi wake. Timazi alilia waziwazi, na wala hakuona haya.

— Mama! Wamechagua yangu!

Mama akapiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Alipotulia, akauliza:

— Kumbe mkono wako unafika mpaka hapa. Wewe mwenyewe unafika lini?

Kinyozi akakagua mkasi. Kila aliyekuwa kwenye benchi lile alikuwa na mama mahali fulani.

Timazi aliwaza kazi ya zege, akamwaza msimamizi wake. Kisha akafungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta ya nyumbani, akaandika kwa herufi kubwa kuliko zote.

— Kuna kitu kinajiandika. Ngoja nichukue miwani.

Wakasubiri. Mama akasoma polepole, kipande kwa kipande:

— Ju-ma-mo-si.

— Jumamosi hii, mama.

— Haya. Basi swichi hii siigusi mpaka uingie mlangoni.