Namna ya Kumbakiza Elias

Pale Mkolani, ubavuni mwa fundi baiskeli, kuna ubao uliolazwa juu ya mawe, na waliokaa juu ya ubao huo hawajawahi kushindwa na jambo lolote la dunia. Bei ya pamba, ushuru wa soko, mashirika yanayouzwa, yote yamekatiwa shauri hapo, na Abeid muuza kahawa ni shahidi. Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya Mzee Shimba. Alikuwa amestaafu kwenye kinu cha pamba huko Magu, ambako ujana wake wote ulipita akikesha na mitambo, huku mkewe Bernadeta akilea watoto hapa mjini. Sasa alikuwa na nafasi ya kutosha, ila mtoto wa kukaa naye hakuwapo. Mwanawe Elias, aliyepata kazi Geita, angekuja kesho. Na kila akija hunywa chai, hutazama saa, akawahi kivuko cha Busisi. Shimba alitaka safari hii alale, walau usiku mmoja.

— Nunua televisheni, alisema Ruksa, muuza mitumba aliyeitwa hivyo kwa kuwa kwake hakuna kilichokatazwa. Kivuko cha mwisho kitavuka, yeye yuko kwenye kochi.

— Televisheni anayo kwake, alijibu Shimba.

— Basi mpe kazi. Huyu alikuwa Hansadi, karani mstaafu asiyesahau neno la mtu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Hafiki siku ya tatu, Hansadi. Ndiyo shida yenyewe.

— Mpe siku ya kwanza, ili hizo nyingine zipate pa kuanzia. Leo jioni ng'oa bati moja. Mtoto gani atamwacha mama yake analala anatazama nyota?

— Bernadeta atanitoa mimi nikazitazame vizuri.

Abeid alicheka peke yake, akaongeza kahawa.

— Shimba ngosha, nisikilize mimi, alisema Ruksa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu wa nyumba yako ni nani?

— Mimi.

— Basi na guu ni lako. Lifunge plasta.

— Methali haisemi hivyo, alisema Hansadi.

— Haijakataza.

— Na plasta itampa usiku mmoja tu. Shimba, ukitaka wiki, tangaza unaoa.

— Nina mke.

— Ndiyo maana watakuja mbio. Elias, dada yake wa Shinyanga, mashangazi. Kikao hakiishi. Wewe kazi yako ni kukataa kumtaja mchumba.

— Na Bernadeta?

— Mshirikishe. Lazima awepo wa kulia.

Shimba alitabasamu ili asiharibu baraza, lakini mawazo yalikuwa kwenye safari iliyopita. Alimuuliza Elias kazi inaendaje, akajibiwa nzuri. Barabara je? Nzuri. Kisha kijana akaenda jikoni kwa mama yake, na kupitia ukutani Shimba akamsikia akicheka mpaka anapaliwa. Kilichomchekesha hakukijua, wala hakuna aliyekuja kumwambia.

Kijana mmoja, mgeni pale, alikuwa amesimama akisubiri pancha yake izibwe. Alikwishawaamkia wote.

— Samahani, wazee. Huyo Elias akishakubali kulala, mtaongea nini?

Ruksa alifumbua mdomo, akautilia kahawa.

— Wewe una baba? Shimba alimuuliza kijana.

— Yupo, mzee. Misungwi.

— Ukienda mnaongea nini?

— Namwamkia. Halafu naenda zangu jikoni kwa mama.

— Na yeye kule sebuleni anabaki anafanya nini?

Kijana alifikiri kweli.

— Sijui, mzee. Sijawahi kutoka nikaangalia.