Mbao Mbili za Kasmin

Kwenye benchi la Yu Painem, dada muuza kahawa nje kidogo ya mji wa Tulungagung, kahawa haiishi inapokwisha kunywewa. Hubaki mashapo, na mtu huchovya kijiti humo akachora maua juu ya sigara yake, na muda wote wa kuchora ni muda wa kusengenya. Alasiri hiyo zamu ya kusengenywa ilikuwa ya jirani yao Kasmin, aliyening'iniza mbao mbili nyembamba sebuleni kwake na kuziita spika. Darsono, mwenye maspika makubwa kuliko yote mtaani, marefu kama kabati, alikaa pembeni akichora ua lisilofanana na ua. Asubuhi mkewe, Marsini, alimwambia waziwazi kwamba amempa Kasmin, aliyemwomba, kanda yake ya zamani, ya enzi alipokuwa akiimba harusini, apimie mbao zake. Darsono alijibu, "Vizuri." Tangu hapo neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

— Ubao mwembamba kama sinia utoe sauti? alisema Gembul, mnene wa benchi, kipande cha tempe, soya ya kukaanga, mkononi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Maana yake spika lazima iwe na debe!

— Methali hiyo inakusema wewe, Gembul, mwenzake mmoja alimkatiza.

— Inasema spika! Muulize kaka yetu hapa, Kang Darso.

— Bila sanduku hakuna besi, alisema Darsono. Yule kagandisha kidude kinachotetemeka mgongoni mwa ubao, basi ubao mzima unatetemeka. Hata mlango wangu hutetemeka.

— Na vigae vyangu pia, Kang, Yu Painem alidakia toka jikoni. Ukiwasha maspika yako, vinanidondokea kwenye sufuria.

Profesa, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya miwani tu, aliinua kijiti chake.

— Nimemwona dirishani. Anabandika sarafu kuukuu kwenye ubao, anagonga kwa kidole, anasikiliza, anaibandua, anaisogeza kidogo. Kutwa nzima. Huyo ni mzima kweli?

— Anatafuta pale ubao unapokoroma ili apanyamazishe, alisema Darsono, kisha akaona haya kwa kujua.

— Sarafu za mganga hizo! alisema Gembul.

— Heri zingekuwa za mganga tu. Mimi nasema ubao wenyewe umetoka kwenye jeneza. Ndiyo maana eti unamsikia mtu yupo chumbani, ukigeuka hayupo.

— Umesikia mwenyewe, Profesa?

— Kaniambia mke wangu.

— Kumbe naye anakwenda!

— Nani haendi? Wanawake wa mtaa mzima wako kule. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Hapo methali imeingiaje?

— Sauti inakimbia sakafuni, inaishia ukingoni mwa ukuta. Hiyo ni sayansi, wewe kula tempe.

Gembul alitafuna kwanza.

— Na kanda ya shemeji Marsini inafanya nini humo? Eti sauti yake ikitoka kama alivyo, ndipo ubao umekaa sawa.

— Mke wangu ana roho nzuri, alisema Darsono.

Darsono alimwona Kasmin moyoni mwake, macho yamefumbwa, akiifuata kila pumzi ya Marsini, akisogeza sarafu mpaka pumzi itulie. Mwizi unamkamata. Aliyeomba akapewa, utamkamatia nini?

Dereva wa mitungi ya gesi, mpita njia aliyekuwa akipoza kahawa yake kwenye kisahani, alikohoa kwa adabu.

— Samahanini, kaka zangu, mimi mgeni. Jirani kapimia mbao zake sauti ya huyo mama. Na wewe, kaka, hayo masanduku yako ulipimia sauti ya nani?

Gembul aliitazama tempe yake. Kijiti cha Profesa kilisimama katikati ya ua. Darsono alifungua mdomo aseme ngoma, maana ndiyo kweli: ngoma, mpaka vioo vya madirisha vilie, na Marsini akiwa chumba cha pili, mlango umefungwa.

— Mimi sikumwomba, alisema mwishowe.

— Hukumwomba nani? aliuliza dereva.

Yu Painem alitoka jikoni, akamnyang'anya dereva kikombe ambacho bado kilikuwa na kahawa, akamwambia watu wanasubiri gesi.