Mzizi Asioambiwa Daktari

Katika pikapu iliyotupeleka mji wa Gobabis, Namibia, bibi mmoja wa jamii ya Wasan, Xoan, alipandisha mkono wa gauni na kumwonyesha jirani yake madoa ya zambarau, damu iliyovilia chini ya ngozi. Alikuwa akirudi kwa daktari aliyempa vidonge vya kufanya damu iwe nyepesi.

"Anajua unakunywa hiyo?" akauliza jirani, Uazuva, fundi visima wa Kiherero. Tangu tuondoke bibi alikuwa akinywa kwenye chupa maji machungu ya ukucha wa shetani, mzizi wa kutuliza magoti yake yaliyovimba.

"Nimwambie ili iweje? Nesi wa kwetu alinicheka, akasema nikaimwage. Wazungu wanauagiza huu mzizi kwa magunia, halafu mimi ninayeuchimba ndiye nimwage!"

"Ingekuwa maji matupu, bibi, nisingeuliza. Ina nguvu, ndiyo maana inaweza kugombana na vidonge. Lakini wewe unaificha kama mbuzi wa wizi."

"Kijana, mdomo wako ungefaa kuchimbia kisima."

Tulicheka wote. Nina shahada ya famasia, na kwa miaka minne ya masomo sikuwahi kusikia jambo hilo likielezwa vizuri hivyo.

Pikapu ilisimama mbele ya hospitali. Bibi hakuinuka.

"Akiniambia niache," alisema polepole, "nitapiga magoti ya nani nikichimba?"

Uazuva alitangulia kushuka, akageuka, akamwinamishia bega ashikilie.