Tembe Mbili Zangu, Mbili Zake

Ngatia: Haloo? Nani huyo ananipigia nikiwa na viazi mkononi?

Wangechi: Ni daktari wako wa mkoba, anko, yule wa kuzunguka nyumba kwa nyumba. Habari ya soko?

Ngatia: Wangechi. Nzuri tu. Karatina hakuna mvua leo. Na mtoto wako?

Wangechi: Anita amelala. Usinizungushe, nakujua. Kliniki wamenipigia juu yako.

Ngatia: Wamenisalimia?

Wangechi: Mizani yao ndiyo imekusalimia. Imesema umepunguza kilo tatu.

Ngatia: Hiyo mizani iko na shida. Mimi nikileta mizani ya hivyo hapa soko, wamama watanipiga na viazi.

Wangechi: Mwezi wa kwanza iliposema umeongeza haikuwa na shida. Ulinunulia chai mpaka askari wa geti.

Ngatia: Hiyo siku ilikuwa imeamka vizu—

[mtandao unakwaruza]

Wangechi: —unanisikia?

Ngatia: Nusu nusu. Wacha nitoke chini ya mabati. Haya, sema.

Wangechi: Dawa ya TB ni miezi sita. Wewe uko wa tatu. Na mimi ndiye niliandikwa kwa kadi yako kuhakikisha unameza. Unameza?

Ngatia: Kila asubuhi, na uji.

Wangechi: Tembe ngapi?

Ngatia: Si zile walinipatia.

Wangechi: Ngapi, anko?

Ngatia: Mbili.

Wangechi: Ni nne.

Ngatia: Lakini hizo mbili nameza vizuri sana.

Wangechi: Na zile zingine? Unazipanda pamoja na viazi?

Ngatia: Sikiza basi. Kuna rafiki yangu hapa anakohoa, hata usingizi hapati. Sasa mimi nikaona, si gunia sisi hununua watu wawili tukagawana nusu kwa nusu? Nikagawa. Mbili zangu, mbili zake. Hakuna mtu ameonewa.

Wangechi: Anko, TB si gunia. Mkigawa hivyo hamponi, nyinyi wawili. Ugonjwa unazoea dawa. Ukishazoea, hizo tembe hazifanyi kazi tena, na yule mtu mtaambukiza anapata ule sugu. Na plot zetu unazijua. Vyumba kumi na mbili, korido moja, madirisha ya kuchungulia na jicho moja.

Ngatia: Hiyo ya kuzoea hawakuniambia.

Wangechi: Mimi nilikuambia. Ulikuwa unaangalia mpira.

Ngatia: Ilikuwa fainali, jameni.

Wangechi: Nani huyo rafiki? Ni Theuri wa kabeji?

Ngatia: Theuri hakohoi. Yule hulalamika tu.

Wangechi: Basi nani? Sitamtangaza. Atapimwa makohozi, aanze dawa zake mwenyewe. Ni za bure. Kwa nini agawiwe za mtu?

Ngatia: Anaogopa kuonekana kwa foleni.

Wangechi: Hata wewe uliogopa. Ulikuja umevaa kofia ya bibi yako.

Ngatia: Hiyo tulikubaliana haitatajwa.

Wangechi: Jina, anko.

Ngatia: Nikikuambia, usianze kulia kwa simu.

Wangechi: Kwani ni—

Ngatia: Ni mzee wako.

Wangechi: Baba alipimwa. Wewe ulipopatikana nayo niliandika kila mtu mnauza naye. Akasema akienda Kutus kuchukua nyanya atapitia hospitali ya huko. Akarudi akasema yuko safi.

Ngatia: Kutus alifika. Hospitali hakufika. Alikunywa chai kwa hoteli, akarudi na nyanya.

Wangechi: Na mimi nikaandika kwa kitabu ya kazi, hana. Kwa mkono wangu.

Ngatia: Alikuwa anakufikiria wewe. Ati watu watasema, msichana wa Wahome anagonga milango akiuliza nani anakohoa, na kwao ndiko kunakohoa. Aliona atakuharibia kazi.

Wangechi: Amekohoa muda gani?

Ngatia: Wiki kama saba. Akiwa kwako hujizuia, ikizidi anatoka nje.

Wangechi: Kila jioni anatoka. Mimi nilidhani ako na mwanamke.

Ngatia: Wahome? Na hiyo koti?

Wangechi: Usinichekeshe, nimekasirika. Yuko wapi?

Ngatia: Yuko hapa. Amepanga rundo moja ya nyanya mara tatu, anajifanya hasikii.

Wangechi: Mpatie simu.

Ngatia: Anatingisha kichwa.

Wangechi: Weka spika. Baba? Sijakasirika. Haya, nimekasirika. Lakini aibu sina. Tutaenda kliniki na wewe mchana, na nitavaa ile fulana yangu ya kazi ndio watu waone vizuri. Hata mtu wa mkoba ako na baba anakohoa.

Ngatia: Anacheka. Hapana, anakohoa. Anafanya zote.

Wangechi: Anasema nini? Haraka, credit yangu inaisha.

Ngatia: Ngoja. Rudia, Wahome... Anauliza mtoto.

Wangechi: Mtoto amefanya nini?

Ngatia: Anauliza kama Anita anakohoa. Kwa sababu yeye ndiye humlaza hapo kifuani, kila jioni.

Wangechi: Tangu Jumapili. Nilifikiri ni hii baridi.

[mtandao unakwaruza]

Wangechi: Haloo? Anko?

Ngatia: Ameacha nyanya.

Wangechi: Ameenda wapi?

Ngatia: Anavaa koti. Anasema umlete mtoto kliniki sasa hivi, atakupata kwa foleni. Atasimama mbele kabisa, anasema, mahali soko yote itamwona.

Wangechi: Mwambie avae barakoa. Na wewe ukuje, ujieleze kwa daktari hizo tembe zako—

Ngatia: Nafunika viazi, nakuja. Wangechi, mimi sikujua ati mtoto—

Wangechi: Baadaye, anko. Mfuate barabarani, anatembea haraka akiogo—

[simu inakatika]